Mke wa Kinyozi na Kidevu cha Bwana Kimya

Ndugu msomaji, haya utakayoyasoma ni kweli tupu, haijachanganywa hata na tone la maji. Mengi nimeyaona kwa macho yangu haya mawili, na nisiyoyaona nimesimuliwa na watu wenye macho mazima kuliko yangu. Kama nimeongopa hata kwa ukubwa wa chawa, ninyolewe kavu, bila maji wala sabuni, mchana kweupe, mbele za watu. Na wanaonifahamu wanajua ninavyozienzi ndevu zangu. Nimezifuga tangu nilipostaafu, na kila asubuhi nazichana kama wajukuu wanaokwenda shule.

Saa kumi na moja alfajiri. Katika chumba cha mazoezi cha chuo cha uuguzi, mama wa miaka arobaini na mmoja amesimama kando ya kitanda cha chuma, mkononi ana beseni la maji ya uvuguvugu. Kitandani amelala mwanamume mwenye kifua kipana, ngozi laini isiyo na doa, macho wazi yasiyopepesa.

"Hujambo, baba," anamwambia, kwa sauti ya kubembelezea mtoto alale. "Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Nimekuja kukuosha uso na kukunyoa ndevu. Maji hayachomi, nimeyapima. Naomba ruhusa yako."

Mwanamume hajibu. Hajawahi kumjibu mtu. Ni sanamu ya plastiki ya kufanyia mazoezi, na wanafunzi wameibatiza jina Bwana Kimya.

Mama anangoja kidogo, kama vile amejibiwa. "Ahsante, baba," anasema, kisha anamgeuza kichwa taratibu na kumpaka povu kidevuni.

Nje, wenzake wanasubiri zamu. Foleni imelizunguka jengo mara mbili, mkia wake ukakutana na kichwa chake, hata mtu wa mwisho anadhani yeye ndiye wa kwanza.

Mjini wanamwita Mama Shuka. Kwa miaka kumi na mitano amekuwa mhudumu wa wodi ya wanaume katika hospitali kubwa. Alitandika vitanda, alimwaga vyombo vya choo, alipiga deki, aliwafunga taya wale waliotangulia. Wauguzi walikuja wakiwa wasichana, wakapanda vyeo, wakaondoka. Yeye alibaki na ndoo yake.

"Si kwamba sikutaka kusoma," anasema. "Nilitaka mpaka nikachoka kutaka."

Kilichomzuia kinajulikana. Mshahara wa mhudumu, hata auweke wote bila kula wala kuvaa, ungemchukua miezi kumi na minne kulipa karo ya mwaka mmoja. Na mikopo ya wanafunzi ilikuwa ya vijana wanaotoka shule moja kwa moja. Mtu mwenye watoto watatu na mgongo unaouma hakuwa na dirisha la kugonga.

Mwaka juzi mambo yakabadilika. Wauguzi walikuwa wachache mno, hata zamu moja ikawa inamwachia mtu mmoja wodi mbili. Serikali ikatenga fedha. Jengo la zamani la kufulia likageuzwa madarasa, nafasi za chuo zikaongezwa kutoka arobaini hadi mia na sitini, na bodi ya mikopo ikaruhusiwa kuwakopesha hata watu wazima walio kazini. Karo, vitabu na sare hulipwa na bodi. Ukishaajiriwa unakatwa sehemu moja ya kumi ya mshahara mpaka deni liishe.

"Nilisikia redioni nikiwa napiga deki," anakumbuka Mama Shuka. "Nikaliacha dekio palepale katikati ya korido, nikatoka mbio. Daktari mkuu ikabidi aliruke kama mbuzi."

Alipata nafasi, na mkopo akapata. Sasa asubuhi yuko darasani, na alasiri anarudi wodini kufanya nusu siku kwa nusu mshahara. Alichokipata zaidi, na ambacho hakukiomba, ni wivu.

Wivu ni kama mafua ya wodini. Akiupata mmoja, wote wanapiga chafya. Wahudumu wenzake walianza. "Sasa hivi tutamwamkia," walisema, "na ndoo ile ile atatutuma tumbebee." Wakaacha kumwekea chai.

Yeye mwenyewe hakusalimika. "Nawaonea wivu wale wasichana wa bwenini," anakiri bila kupepesa. "Wanaamka, wananawa uso, wako kwa Bwana Kimya. Mimi nachapa mguu kutoka kwangu, nikifika nakuta kashaogeshwa, kashanyolewa, kashalala. Kama mke mdogo."

Lakini wivu wa hao wote ukiuweka kwenye mizani, haufikii nusu ya wivu wa mumewe.

Mumewe ni kinyozi. Ana kibanda chenye kioo kimoja kirefu, viti viwili na benchi la wapiga soga, ambalo kona yake ya kushoto ni yangu kwa haki ya kulikalia. Ni fundi hasa. Huwaambia wateja kwamba mtoto akiletwa kwake analia, huondoka amelala. Mkono wake hautetemeki. Ulitetemeka mara moja tu: siku mkewe alipomtaja Bwana Kimya kwenye meza ya chakula mara tatu kabla hajapakua.

"Najua ni plastiki," anasema huku akinoa wembe kwenye mkanda wa ngozi. "Msinifanye mjinga. Nimekwenda chuoni, nimemwona, nimembonyeza tumbo. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mtu ningegombana naye. Sasa yule nitamkasirikia wapi?"

Ukimdadisi, utagundua kwamba si kuosha wala kugeuza kunakomchoma. Kinachomchoma ni maneno. Kanuni ya uuguzi inasema usimguse mgonjwa kabla hujamsalimu, hujajitambulisha, hujamweleza unalotaka kufanya na hujamwomba ruhusa. Ukisahau, umepoteza alama. Kwa hiyo Mama Shuka hufanya mazoezi nyumbani akipika, akiiambia sufuria: "Hujambo, baba. Naomba ruhusa yako."

"Miaka kumi na tisa!" Kinyozi anageuka na wembe hewani, na mteja kitini anafumba macho. "Miaka kumi na tisa ya ndoa, mama watoto hajawahi kuniomba ruhusa hata ya kuzima taa. Shuka ananivua bila hodi. Leo sufuria inaombwa ruhusa!"

Mama Shuka naye ana jibu. "Nilikuomba ruhusa ya kusoma, baba watoto. Uliniambia uzee utanikuta darasani."

"Nilikuwa natania."

"Ulikuwa hucheki."

Na serikali pia haikupona. "Mimi nilimnunulia cherehani," kinyozi analalamika. "Bure! Alisema asante mara moja, mwaka ule. Serikali imempa mkopo, tena wa kulipa, anaisifu kutwa kucha. Nami nianze kumdai, labda nitasifiwa."

Basi akaweka msimamo. Wembe wake, kiti chake, kioo chake na ufundi wake, hakuna hata kimoja kitakachokwenda kumsaidia Bwana Kimya. Mkewe akimuuliza jambo lolote la unyoaji, anajibu: "Kamuulize mgonjwa wako."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Fedha za serikali zilileta madarasa, madawati na wanafunzi, lakini sanamu za mazoezi zilibaki tatu zile zile za zamani. Mojawapo haina mguu. Nyingine ina mguu wa ziada, haijulikani ulitoka wapi.

"Nafasi zimeongezeka mara nne, tunashukuru," anasema mkufunzi wao, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba. "Sanamu tumeahidiwa kwenye bajeti ijayo. Kwa sasa kila mwanafunzi anapata Bwana Kimya kwa muda wa kuchemsha yai."

Na Bwana Kimya ana kasoro moja kubwa kuliko zote. Hana ndevu. Mwanafunzi humpaka povu, kisha hulikwangua. Unaweza kumnyoa kwa kijiko, kwa kadi ya simu, kwa ukucha, na bado akatoka anang'aa. Hunyolewa siku nzima na hajaota hata unywele mmoja. Siku moja daktari mgeni alimpima, akampongeza kwa afya, akamwandikia aruhusiwe kwenda nyumbani.

Mwisho wa mwaka wa kwanza ukaja mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi huokota karatasi kwenye kopo, na kilichoandikwa ndicho atakachofanya, kwa mtu hai. Mwenzake aliokota kutandika kitanda, kazi ambayo Mama Shuka angeifanya amelala. Yeye akaokota: kumnyoa mgonjwa asiyeweza kuinuka.

Mgonjwa alikuwa mzee wa kujitolea, seremala mstaafu, mashavu yameingia ndani, ndevu ngumu kama brashi ya kusugulia sufuria. Mama Shuka akamsalimu. Akajitambulisha. Akaomba ruhusa vizuri mpaka mzee akatabasamu. Kisha akashika wembe kama anavyoushika kwa Bwana Kimya, akauburuta.

Damu ikatoka mara ya kwanza. Akauburuta tena, ikatoka ya pili.

"Mwanangu," mzee akamuuliza kwa upole, "hiyo ruhusa uliyoomba ni ya kuninyoa au ya kunichinja?"

Mkufunzi akasimamisha mtihani. Kanuni inatoa nafasi moja tu ya kurudia, baada ya wiki tatu. Ukianguka tena, nafasi anapewa mwingine, bodi inasimamisha mkopo, na kile kilichokwisha kutumika kinaanza kukatwa kwenye mshahara ulio nao. Kwa Mama Shuka, maana yake ni kurudi kwenye ndoo, na ndoo yenyewe imetoboka.

"Nilitembea kwenda nyumbani nikiona kila mtu ana ndevu," anasema. "Sikujua kama mji huu una ndevu nyingi hivyo."

Habari ilimtangulia. Ilifika kibandani ikiwa bado moto.

"Mke wa kinyozi kashindwa kunyoa!" mtu alipiga kelele kutoka mlangoni.

Benchi zima likacheka. Mteja aliyekuwa kitini akauliza, eti kwa heshima tu, kama ufundi wa nyumba hii ni wa mke au wa mume. Mwingine, aliyekuwa amenyolewa nusu ya kichwa, akainuka akaenda zake hivyo hivyo, nusu msitu nusu uwanja, na mpaka leo hajarudi kunyolewa iliyobaki.

Kinyozi hakucheka. Alisema chuo kimemchafulia jina. Alisema plastiki imemharibia mke mkono. Alisema mengi, lakini hakusema kwamba atamfundisha.

Siku ya pili wembe wa maneno ukamfikia yeye mwenyewe. Ng'ambo ya barabara kuna kinyozi mwingine, mwenye kioo kikubwa zaidi na redio. Wawili hao ni maadui wa kutwa na marafiki wa Jumapili, kwa sababu kinyozi hajinyoi: huyu akitaka kunyolewa huvuka barabara kwenda kwa yule, na yule huvuka kuja kwa huyu, wote wakijifanya wamepita tu kusalimia. Basi yule wa ng'ambo akaja, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni:

"Nimesikia ya shemeji. Pole sana. Mwambie aje kwangu, nitamfundisha wiki moja tu. Kidevu changu mwenyewe nitampa afanyie mazoezi."

Benchi zima likageuka. Nzi aliyekuwa kwenye kioo akasimama kusikiliza.

"Kidevu chako?" kinyozi akasema.

"Changu. Shemeji ni kama dada."

"Rudi kwako."

"Nasaidia tu, jamani."

"Kasaidie redio yako, betri zinakwisha."

Jioni ile ile alishusha pazia la mlango, akamwita mkewe, akawasha taa ya juu ya kioo. Plastiki alikuwa ameivumilia. Jirani, hapana.

Lakini mwanafunzi wa kunyoa anahitaji kidevu, na wateja walikuwa wamesikia habari za seremala. Ukimwambia mtu "njoo unyolewe bure", anakumbuka kwenda kumlisha ng'ombe ambaye hata hamiliki. Hapo ndipo mimi niliposimama. Niliketi kitini bila hofu, nikainua kidevu, nikasema, "Mwanangu, hiki hapa, jifunzie." Akaninyoa safi, kushoto na kulia, na wembe ukapita kama upepo wa asubuhi. Watu waliona. Wengine walitokwa na machozi.

Baada yangu ndipo kinyozi mwenyewe akapata moyo. Alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, ambacho hakuwahi kukikalia kama mteja, akalaza kichwa nyuma.

"Hujambo, baba," Mama Shuka akaanza.

"Mimi si baba yako. Ni baba watoto."

"Ndivyo mtihani unavyotaka. Tulia. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi."

"Nakujua."

"Nimekuja kukuosha uso na kukunyoa ndevu. Maji hayachomi, nimeyapima. Naomba ruhusa yako."

Kinyozi akafumba macho. 

"Sema tena," akasema.

"Naomba ruhusa yako."

"Tena."

"Baba watoto, unanyolewa au unaimbiwa?"

Akatoa ruhusa. Kisha, macho yakiwa bado yamefumbwa, akaanza kufundisha. Kwanza kitambaa cha moto, kikae mpaka ndevu zilegee. Kisha vidole vitafute zinakolala, kwa sababu ndevu za shingoni zina tabia zao. Wembe uende nazo, usishindane nazo. Alipofika kwenye mashavu akamshika mkono.

"Hapa ndipo ulipomkata yule mzee. Ngozi ya mzee ina mikunjo. Bwana Kimya wako hana mikunjo, hajawahi kuwa na mawazo. Wewe si Mama Shuka? Shuka lililolaliwa unalifanyaje?"

"Nalivuta kwanza kwa mkono."

"Basi vuta ngozi kwa kidole gumba, ndipo upitishe wembe."

Alimkata mara moja, chini ya sikio, kidogo tu.  Kesho yake kinyozi alivaa jeraha lile kama nishani, na kila aliyeuliza alijibiwa: "Mke wangu yuko chuo cha serikali."

Walifanya hivyo kila jioni. Ndevu za mtu mmoja hazioti haraka kiasi hicho, kwa hiyo wiki ya pili ilibidi Mama Shuka aazime kidevu cha kaka yake, cha mwuza mkaa, na mwishoni kabisa, kwa masharti makali, cha yule wa ng'ambo ya barabara, kinyozi akiwa amesimama kando amekunja mikono kama polisi.

Siku ya marudio, seremala mstaafu alirudi kujitolea. Alikuja na bendeji yake mwenyewe mfukoni.

"Naomba ruhusa yako, baba," Mama Shuka akamwambia.

"Nakupa nusu," mzee akajibu. "Nyingine nitakupa ukifika upande wa pili nikiwa hai."

Akaweka kitambaa cha moto. Akatafuta kwa vidole zinakolala. Akavuta shavu kwa kidole gumba, akapitisha wembe. Akahamia upande wa pili. Mkufunzi alisogea karibu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nimesimamia mitihani mingi," anasema mkufunzi. "Sijawahi kuona mgonjwa anaomba kioo."

Amefaulu. Imebaki miaka miwili. Mpango wa Mama Shuka ni kurudi wodi ile ile ya wanaume, safari hii akiwa na saa ya muuguzi ya kubandika kifuani, na kuanza kukatwa sehemu yake moja ya kumi. "Nitakatwa nikiwa nacheka," anasema. "Na wahudumu wenzangu nitawasukuma wajaze maombi, mpaka wivu uwaishie." Wawili wameshajaza. Chai ameanza kuwekewa tena.

Mumewe naye ana mpango. Mkewe akiajiriwa, kila Alhamisi atafunga kibanda aende wodini kunyoa wagonjwa bure. Nilimsifu kwa moyo huo wa huruma.

"Huruma gani?" akanishangaa. "Nakwenda kuona anamwomba nani ruhusa."

Hapa ndipo makala yangu ilipokuwa imeishia. Kabla ya kuipeleka kwa mhariri niliipitisha kibandani, maana uungwana ni kumsomea mtu habari zake. Mama Shuka akaichukua, akaisoma amesimama, sare bado mwilini. Alicheka kwenye mbuzi. Alicheka kwenye kijiko. Kisha akarudi nyuma mstari mmoja, akanitazama.

"Mzee Chumvi," akasema. Ndivyo wanavyoniita, sijui kwa nini. "Hapa umeandika nilikunyoa safi, kushoto na kulia."

"Naam, mwanangu."

"Sasa hizo ndevu za nani?"

Benchi likainama mbele. Nikazishika. Zilikuwepo, zote, ndefu kama kawaida.

"Zimeota," nikasema.

"Jioni ile ulituambia una miadi ya jino," kinyozi akadakia. "Ukatoka mbio. Na upande ule uliokuwa umeushika huna jino hata moja."

"Na foleni haikuzunguka jengo," Mama Shuka akaongeza. "Tulikuwa wanane. Lakini hiyo iache. Wakubwa wakiisoma, labda wataleta sanamu."

Kinyozi alikuwa ameshakung'uta kitambaa cha shingoni. "Aya ya kwanza, mzee. Umeapa mwenyewe. Kavu, mchana, mbele za watu."

Nilitazama mlango. Yule wa ng'ambo ya barabara alikuwa amesimama hapo, ameziba njia, anatabasamu.

"Kavu hapana," Mama Shuka akasema. "Chuoni wangenifukuza." Akamimina maji ya moto kwenye beseni, akayapima kwa kiwiko, akainamisha kiti mpaka nikawa natazama dari. Kitambaa cha moto kikatua usoni.

"Hujambo, baba," nikaisikia ile sauti. "Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Nimekuja kukunyoa ndevu. Naomba ruhusa yako."

"Mnaona?" kinyozi akanung'unika pembeni. "Hata mwongo anaombwa vizuri kuliko mimi."

Nikatoa ruhusa. Wajukuu wangu wa kidevuni wakaanza kuanguka kwenye taulo, mmoja mmoja, na haya ya mwisho nayaandika kidevu kikisikia baridi.